Muulize Kuhusu Jumanne Yake

Mipango ya Januari mtu huiandika akiwa peke yake na daftari lake, na nadhani ndiyo maana mingi haifiki Pasaka. Anaandika kile ambacho angependa aonekane nacho: kiwanja, shahada ya pili, kitambi kipungue. Chumbani hakuna wa kumwuliza, "Shahada ya nini tena, na ile ya kwanza ulisoma kwa kumwogopa baba?" Mabadiliko niliyoyaona yakidumu yalianzia penye watu. Yalianzia barazani kwenye kahawa na kashata, saluni mtu akisukwa, chini ya turubai la msiba usiku wa pili, au kwenye meza ya mishikaki walipokutana watu waliomaliza kidato cha sita pamoja, ambao siku hizi wanatembea na vidonge vya presha mfukoni. Mtu huondoka hapo na kitu kinachomkera moyoni, asijue kama ni wivu, hamu au uchovu tu. Kitu hicho kinafaa kukamatwa mapema, maana kwa kawaida Jumatatu ikifika saa nne asubuhi kimeshayeyuka.

Aristotle, ambaye katika Maadili ya Nikomako alitenga vitabu viwili kati ya kumi kwa ajili ya urafiki, aliona kuwa ni rahisi zaidi kumtazama mwenzako anavyoishi kuliko kujitazama mwenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alilieleza jambo la jirani na hilo kwa namna isiyopendeza sana: mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujipima kwa watu, na huwachagua wale wanaokaribiana naye. Ndiyo sababu utajiri wa Mohammed Dewji haumnyimi usingizi mtu wa Mbagala. Kinachomnyima usingizi ni kusikia kwamba fulani, waliyekaa naye dawati moja wakiibiana majibu ya hesabu, amepaua.

Habari ya namna hiyo ina upungufu wake. Umeambiwa paa, hukuambiwa limegharimu nini, na hapa sizungumzii bei ya mabati. Marafiki wakikutana hupeana miisho: nimejenga, nimehamia, binti kafaulu, nimeacha kazi. Msikilizaji anauchukua mwisho huo na kuupambanisha na katikati ya maisha yake, penye madeni na bomba linalovuja. Lipo swali linalosaidia hapo, na ningekuwa na nafasi ya kushauri jambo moja tu ningelishauri hilo: "Hebu niambie, Jumanne yako inakwendaje tangu unapoamka?" Jumatatu kila mtu analalamika, Ijumaa kila mtu mchangamfu, Jumapili ni ya picha. Jumanne haina pa kujificha.

Jamaa yetu mmoja amejenga Chanika: vyumba vinne, uzio, kisima, michungwa miwili iliyoanza kuzaa. Meza nzima tulikuwa tukimwonea gere kwa adabu mpaka mmoja wetu alipomwuliza swali hilo. Alijibu bila kujitetea. Simu humwamsha saa kumi usiku. Saa kumi na nusu yuko barabarani, kwa sababu akichelewa kidogo tu foleni inamkuta Gongo la Mboto. Jioni hubaki ofisini Posta hadi saa mbili ili magari yapungue, na anapoingia nyumbani watoto wamelala. Mkewe huyapiga picha madaftari yao, naye huyakagua kwenye simu magari yakiwa yamesimama. Akatuonyesha: kurasa za kuzidisha, tiki nyekundu za mwalimu, na swali la saba ambalo mtoto alifuta na kuandika, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna aliyecheka. Mwenzetu mwingine, anayepanga vyumba viwili Buguruni na ambaye kimoyomoyo tulikuwa tukimhurumia, akasema yeye saa kumi na mbili jioni huwa keshafika, yuko mkekani na wanawe wakigombana na jedwali la tisa.

Msidhani nitasema Buguruni ndiye aliyeshinda. Yule wa Chanika alipoulizwa kama angerudia, alisema angerudia hata kesho. Amekua akihamishwa na wenye nyumba; anakumbuka godoro lao likiwa limeegeshwa nje ukutani huku mvua ikinyesha, na ameapa wanawe hawatayaona hayo. Kwake zile saa za barabarani zina maana. Kwangu zisingekuwa nayo, na nilishukuru kulijua hilo kabla ya kununua kiwanja. Unapoisikia Jumanne ya mwenzako unaweza kutenganisha kile unachokitaka kweli na kile ambacho ungependa tu ukikute kimeshafika. Nyumba unaiona, halafu unaiona na saa kumi usiku, ndipo unajiuliza kama ungeamka.

Hata hivyo, swali hilo haliulizwi popote. Wakazi wa Dar es Salaam tuna ugonjwa wetu: tunadhani tunaonana na marafiki kila wiki, kumbe tunaonana na kamati. Kamati ya harusi, kamati ya sendofu, kamati ya kipaimara cha mtoto wa bosi. Kikao kina mwenyekiti, mhazini na orodha ya walioahidi wasilipe. Mtu anajulikana kwa kadi yake, singo au dabo. Siku yenyewe mko ukumbini, MC anashindana na spika, mnapungiana mikono meza hadi meza, na unarudi nyumbani umemwona kila mtu bila kumsikia hata mmoja. Sipingi michango, wengi wetu tumeolewa, tumeoa na tumezikiwa wazazi kwa michango hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba usiihesabu kuwa ni muda wa marafiki. Hesabu mara ambazo mtu alikuuliza hali yako kisha akasubiri jibu.

Kukaa kunakozaa fikra kunataka watu wachache, watatu hadi sita hivi, muda usiokatwakatwa, na mikono yenye kazi ndogo. Hili la mikono hupuuzwa. Watu wawili wakikaa kutazamana ana kwa ana, kila mmoja anajipanga. Wakiwa na bao, karata au sinia la mchele wa kuchambua, macho yanaangalia chini na ulimi unalegea. Mabaraza ya mawe mbele ya nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja yameifanya kazi hiyo kwa vizazi: mnakaa ubavu kwa ubavu, mnatazama wapita njia, na katikati ya soga za mpira mtu anadokeza kwamba hajapata usingizi tangu mwezi uliopita.

Kwa wanawake jambo hili ni gumu zaidi. Baraza kwa kawaida limekuwa la wanaume. Mwanamke akikaa nje saa tatu nzima, ataulizwa habari ya chakula cha jioni. Ndiyo maana naziheshimu saa za saluni. Anayesukwa rasta hana pa kwenda kwa saa nne au tano, kichwa kiko mikononi mwa msusi, chaji ya simu imeisha, na maneno yanatoka yenyewe. Vikoba navyo ni hivyohivyo. Mfumo huu wa kuweka na kukopa, ambao mizizi yake iko Niger mwaka 1991, ulibuniwa kwa ajili ya fedha; lakini akina mama wanaoukalia kila wiki wanajua kwamba mazungumzo yenyewe huanza kufuli za sanduku zikishafungwa. Kama wewe ni mume na mkeo anachelewa kurudi kikobani, mbandikie chai na usimpigie simu.

Mkishaagana, usifungue simu papo hapo. Ile njia ya kurudi, ndani ya daladala au mgongoni mwa bodaboda, ndiyo saa ya kujihoji, na ya kujihoji wewe kuliko wao. Nilitia chumvi wapi? Mtu hutia chumvi pale anapoona haya, hivyo kama umesema biashara inakwenda vizuri sana mara mbili bila kuulizwa, hapo pana kitu. Nilinyamaza wapi? Pengine walipogusa habari za wazazi, ukaangalia sahani. Haya mawili watu huyaona haraka kwa sababu yanauma. La tatu haliumi, kwa hiyo hupita: nilichangamka wapi?

Rafiki yangu mmoja ni mhasibu. Ukimwuliza kazi, atakujibu kwa sentensi mbili na kuagiza soda. Siku moja mtu akagusa kwaya anayoifundisha kwao Kimara, naye mhasibu akasimama. Alisimama kweli, akasogeza kiti, akatuonyesha kwa mkono namna sauti ya tatu inavyopaswa kuingia nyuma ya sauti ya kwanza bila kuisukuma, na waimbaji wake wanavyoikimbilia kila mara kama watu wanaogombea mwendokasi. Tulimsikiliza muda mrefu. Alipokaa, mmoja wetu akamwambia taratibu, "Mwaka mzima hatujakuona hivi." Hakuacha uhasibu, na angeacha ningemgombeza, maana ana watoto wawili shule. Aliacha kazi ya pembeni ya kufunga hesabu za maduka siku za Jumamosi, na Jumamosi akaipa kwaya. Fedha imepungua, hilo analisema wazi. Lakini uamuzi wenyewe aliuona siku ile kupitia kwetu. Peke yake asingeona kwamba amesimama.

Utani nao usiudharau. Kwetu mambo mazito yanaruhusiwa kusemwa na mtani. Hata msibani mtani ndiye anayeweza kumsema marehemu kwa ubahili wake na watu wakacheka huku wanalia. Marafiki wa muda mrefu hurithi ruhusa hiyo. Wakikuita "Bwana Niko Kikaoni", au wakibashiri mbele yako dakika utakayoangalia saa, wanakupa ripoti ambayo hakuna ofisi itakuandikia. Mtu mmoja akikutania jambo, cheka yaishe. Wawili au watatu wasiokaa pamoja wakikutania jambo lilelile, liandike.

Msiba una nguvu kupita vikao vingine vyote, na ndiyo maana unahitaji tahadhari zaidi. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuchunguza namna vipaumbele vinavyobadilika mtu anapohisi muda wake umefupika: watu hupunguza kutafuta vipya na vya mbele, wakawageukia wachache wanaowapenda. Huhitaji kuwa mzee ili hali hiyo ikupate. Rika lako akizikwa, usiku ule chini ya turubai kila mmoja anatia maji kichwa chake kimyakimya. Mmoja anahesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima kama ni mtumishi wa umma. Mwingine anamkumbuka kaka yake ambaye hawasemezani. Ukiweza, nenda na ukae, usitume tu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, rambirambi inafika ndani ya dakika moja na mwenye nayo hajatoka ofisini. Wafiwa wanasaidika. Wewe uliyetuma umebakiwa na risiti ya muamala.

Ila maamuzi ya usiku wa msiba yasitekelezwe asubuhi yake. Nimewaona walioapa kurudi kijijini, walioandika barua ya kuacha kazi, waliokopa ili wajenge "kabla sijafa". Desturi zetu zimetupa kipimo kizuri cha kungojea: acha arobaini ipite. Kama jambo bado linakusumbua baada ya arobaini, ni lako. Kama limepoa, ilikuwa huzuni ikisema. Kwa yale uliyoyapata kwenye mishikaki huhitaji kungoja hivyo, subiri tu mshahara utoke na kodi ilipwe. Yako mawazo mengi makubwa ya tarehe 28 ambayo hayaonekani tena tarehe 5.

Wakati unangoja, fanya ukaguzi. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu, ikae kando ya kalenda. Usitafute ubadhirifu, hiyo ni kazi nyingine. Tafuta jina la kile ulichowaambia marafiki kwamba ndicho kikubwa maishani mwako. Uliyesema mama ni kila kitu, nauli ya kwenda kwa mama iko wapi? Uliyesema afya kwanza, lini uliondoka kazini kabla ya giza? Mara nyingi mtu hukuta kipaumbele chake halisi ni kitu ambacho hakukitamka hata mara moja: shemeji anayekopa, king'amuzi, kikundi ambacho aliingia kwa kuona haya kukataa. Toa hicho kimoja kwanza. Watu huharibu hapa kwa kuongeza, wanabandika mazoezi, kozi na ibada ya alfajiri juu ya wiki ambayo tayari imejaa hadi shingoni, kisha baada ya siku kumi wanajiona dhaifu. Ukishatoa, mwambie mmoja tu wa wale mliokaa nao, yule asiyekuonea haya, na umpe ruhusa ya kukuuliza mtakapoonana tena. Kulitangaza kwenye kundi la WhatsApp hakusaidii. Utapigiwa makofi ya vikaragosi, na moyo utaridhika kama vile umeshatenda.

Wahamasishaji hawatanipenda kwa hili linalofuata. Kuna mafundisho yanayonasibishwa na Jim Rohn, msemaji maarufu wa Marekani aliyefariki mwaka 2009, kwamba mtu ni wastani wa watu watano anaokaa nao zaidi. Kwenye makongamano ya kwetu yamegeuzwa kuwa amri: wakate marafiki wasio na malengo, tafuta waliokuzidi. Sikubaliani. Wapo wa kuwaepuka, sikatai: anayekuvuta kwenye kubeti, anayekukopesha ili apate la kukusema. Lakini rafiki "asiye na malengo" mara nyingi ndiye pekee mezani anayepata saa nane za usingizi na kujua jina la mwalimu wa mwanawe. Ukikaa na waliokuzidi fedha tu, utajipima kwa fedha tu, na Festinger alishakueleza kitakachofuata. Tena rafiki hapatikani kama fundi. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliotoka mwaka 2018, ulikadiria kuwa urafiki wa karibu huchukua zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Mtu wa mjini mwenye kazi mbili akimkata wa zamani, hizo saa nyingine atazitoa wapi?

Basi kabla hamjapanga kikao kinachofuata, angalia nani hayupo. Karibu kila kundi lina mmoja aliyeacha kuja. Mtaambiwa ana majivuno, au mkewe hapendi. Mara nyingi sababu ni bili. Mlikuwa mkiagiza nyama na vinywaji kisha mnagawana sawasawa, naye alikuja na nauli ya kwenda na kurudi. Au alijitoa kwenye kundi mchango wa tatu wa mwezi uleule ulipotangazwa. Huyo anakufahamu tangu hujawa na cheo, na maswali yake ni ya thamani kuliko ya wengi waliobaki. Msimwite kwa kumwambia mtamlipia, mtamwumiza. Badilisheni mahali: nyumbani kwa mmoja wenu, mchana, chai na mihogo, watoto wakicheza uani. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, makundi mengi ya Dar es Salaam yamegawanyika, na wapo walioacha kuja kwa sababu tu hawapo. Kwa hao, tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kwa takribani saa nne. Ukienda asubuhi unarudi usiku, na ndani ya treni una saa za kujihoji za kutosha. Ila usimpigie kumwambia "tutafutane". Mpe tarehe. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara ina harusi. Mpe ya pili.